Hofu Iliyouza Akiba ya Sixten

Ndugu zangu wa mji wetu wa Östersund, hapa Sweden, na ninyi nyote mnaojiwekea kidogo kidogo, nawasimulia ya jirani zangu Sixten na mkewe Ragnhild. Wao wenyewe wameniruhusu.

Sixten ni fundi wa mabasi, Ragnhild alikuwa muuguzi wa wazee. Tangu binti yao azaliwe, kila mshahara ulipoingia, kila mmoja alitenga fungu lake likaenda katika mfuko wa uwekezaji, ule unaonunua hisa za mamia ya kampuni duniani kote. Hawakuugusa. Magoti ya Sixten yalikuwa yameanza kumsumbua, na tumaini lake lilikuwa kustaafu mapema, kabla hayajagoma kabisa.

Jumamosi moja ya Machi, mwaka ule wa korona, walikuwa mezani na kahawa na maandazi ya mdalasini, theluji ikidondoka kutoka paani. Sixten akafungua simu, akaacha kutafuna.

"Kuna nini?" Ragnhild akauliza.

"Hisa zimeporomoka. Karibu thuluthi ya akiba yangu imekwenda."

"Umeuza?"

"Sijauza."

"Basi haijakwenda. Bei imeshuka, hisa bado unazo. Kunywa kahawa yako."

Hakuinywa. Tangu siku hiyo simu haikumtoka mkononi. Aliichungulia hata akiwa chini ya basi. Akipika Ragnhild, yeye hali. Akisemeshwa, hajibu. Ndipo kaka yake, Halvar, alipopiga.

"Bado umekaa tu? Wenye akili wameshatoka. Utabaki na soksi, mdogo wangu."

Ragnhild alisikia. "Mwambie kaka yako hela hizi hatuzihitaji mwaka huu wala mwaka ujao. Za dharura ziko benki. Hizi ni za uzeeni."

"Na zikiisha kabla ya uzee?"

"Kampuni zote hizo zife kwa mpigo? Ngoja, Sixten. Ngoja tu."

"Rahisi kusema. Magoti si yako."

 Neno lile lilimchoma Ragnhild. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana kule karakanani, Sixten akauza fungu lake lote bila kumwambia mkewe. Siku hiyo alilala fofofo, akadhani hiyo ndiyo hekima.

Usingizi ule, wenzangu, ulikuwa ghali. Bei zilianza kupanda, na baada ya muda zikapita pale zilipokuwa mwanzo. Sixten alisubiri zishuke ili arudi, zikazidi kumkimbia. Alipochoka kusubiri, akamsikiliza Halvar tena, akatia hela zote katika kampuni moja changa ya dawa. "Hii haiwezi kukosa," Halvar alisema. Ikakosa. Kampuni ilifilisika, na akiba ya miaka yote ile ikafa nayo.

Alimwambia mkewe akiwa amesimama, koti hajavua.

"Mbona hukuniambia mapema?" Ragnhild akauliza.

"Niliogopa utasema, si nilikwambia."

"Ningesema, ndiyo. Halafu tungekaa chini tukapanga." Akavuta pumzi. "Fungu langu lipo, sijaligusa, na limekua. Langu ni letu. Lakini halitutoshi wote wawili kustaafu sasa."

Leo Ragnhild amestaafu. Sixten bado. Kila asubuhi ya kazi, mkewe hupiga magoti mlangoni na kumfungia kamba za viatu, kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kuinama. Kisha Sixten huondoka katika baridi kwenda kulala chini ya mabasi.

Funzo la kisa hiki

Akiba ya muda mrefu haivunwi kwa woga. Bei zitashuka, tena huenda zikakaa chini miaka. Kwa hiyo hela ya kodi na ya ugonjwa usiiweke huko. Ile ya uzeeni itawanye katika kampuni nyingi, usiirundike kwenye moja kwa sababu ndugu yako ameisifu. Hakuna anayeweza kukuahidi faida. Lakini mwenye kuuza siku ya hofu amejiahidi hasara. Na ukishikwa na hofu, kabla ya kuuza chochote, zungumza na uliyeweka naye.