Mafuta ya Kondoo Kwenye Mkanda

Kila asubuhi kabla ya chai, Burulcha alimletea baba yake sinia la makaa ya moto. Baba, Mzee Shamshi, alilisukuma chini ya injini ili oili iliyoganda kwa baridi ilainike, kisha akawasha gari. Hapo lilitoa mlio mkali kama wa mnyama anayechinjwa, uliosikika nusu ya mji wa At-Bashi.

"Kwenu mnachinja kila siku?" Kanikei, mwanafunzi mwenzake, alimtania shuleni. Darasa zima likaangua kicheko, na Burulcha akaona aibu ya kufa.

Jioni alimkuta bibi yake akipaka bawaba za mlango mafuta ya mkia wa kondoo, nazo zikaacha kulia. Kwao mafuta hayo yalipakwa kila mahali, kuanzia kifua chenye kikohozi hadi viatu. Burulcha alimega donge, akafungua boneti kimyakimya, akaupaka ule mkanda wa mpira uliokuwa ukilia, unaozungushwa na injini nao ukizungusha mtambo wa kuchaji betri na pampu ya maji ya kupoza injini. Hakumwambia mtu.

Kesho yake gari liliwaka bila kelele. "Limejiponya lenyewe," baba alisema, akacheka. Burulcha naye alicheka, akajiona fundi.

Siku ya tatu mama yake, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa, alishikwa na uchungu. Waliondoka mbio kwenda hospitali ya Narin, Burulcha akiwa nyuma, amemshika mama mkono. Walipoanza kupanda mlima, taa nyekundu ya betri iliwaka. Mshale wa joto la injini nao ukaanza kupanda.

"Ajabu," baba alisema. "Ingekuwa mkanda, ungelia. Basi ni mtambo wa kuchaji, na huo siuwezi hapa. Tujikaze hivyo hivyo, pengine tutafika."

Nje theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na hapakuwa na nyumba hata moja. Injini ikizimika, mama angejifungulia barabarani kwenye baridi ya kuua. Burulcha alitaka kusema, mdomo ukawa mzito. Mama aliguna kwa maumivu, akamkaza vidole.

"Baba," Burulcha alisema. "Mkanda niliupaka mafuta ya kondoo. Mimi ndiye niliyeunyamazisha."

Baba alisimamisha gari kwenye mteremko mfupi, ili likigoma kuwaka liweze kusukumwa, akafungua boneti. Aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukazama. Ulikuwa umelegea, tena unateleza. Aliufuta kwa kitambaa chenye petroli, akaukaza kwa spana huku vidole vyake vikifa ganzi. Burulcha alimshikia tochi, machozi yakimganda mashavuni. Gari liliwaka, na baada ya muda ile taa nyekundu ikazimika.

Mtoto wa kiume alizaliwa saa moja baada ya wao kufika. Baba alikaa na Burulcha kwenye benchi la hospitali.

"Ule mlio ulikuwa unaniambia mkanda umelegea," alisema. "Ulipouzima, ukaniziba masikio. Kupaka mafuta ni utoto tu, nakusamehe. Lakini ungenyamaza dakika chache zaidi, leo tungekuwa tunalia. Ukiharibu kitu, niambie siku hiyo hiyo."

"Niliogopa, Baba. Hata sasa naogopa."

"Ogopa, mwanangu," baba alisema. "Ila useme huku unaogopa, kama ulivyofanya leo."