Saa Iliyohesabu Sombe

Kila alipotoka shuleni, Christella alivua sare yake, akafagia uwanja wa nyumba yao mtaani Bigo, kisha akaenda kuchota maji. Kufagia hakukumsumbua. Maji aliyachota akipiga soga na wenzake bombani. Lakini sombe! Yale majani ya muhogo hayakulainika upesi kinuni, na Christella alikuwa mtoto asiyetulia, mwenye miguu inayoondoka kabla kichwa hakijaamua pa kwenda. Alitwanga kidogo akachungulia barabarani, akatwanga tena kidogo akaenda kunywa maji, hata mama yake akamnyang'anya mchi na kumaliza mwenyewe.

"Weye mutoto," mama yake alisema, "hii sombe tutaikula leo ao kesho?"

Mahali alipotulia kidogo ni majini. Karibu na barabara ya kwenda uwanja wa ndege palikuwa na nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea, na mwenye nyumba aliwaruhusu watoto wa klabu ya Kocha Isidore kuogelea humo jioni. Kocha alikuwa mwalimu wa sekondari, na siku za kazi hakuweza kufika. Mlinzi wa pale, Mzee Ambroise, ndiye aliyewaangalia watoto. Jumamosi kocha alikuja mwenyewe na filimbi yake.

Mwezi ule klabu ilikuwa ikijiandaa kushuka Kasenyi, kushindana na vijana wa huko katika Ziwa Albert. Timu ilikuwa imekamilika isipokuwa nafasi moja, na wasichana wawili waliitaka: Christella na jirani yake Bénédicte, rafiki yake tangu utotoni. Christella hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka nafasi ile. Aliiota hata akiwa macho.

Kocha akaleta saa ndogo nyeusi aliyotumiwa na dada yake kutoka Kampala. Unaifunga mkononi, unabonyeza, unaogelea. Kila unapofika ukingoni na kugeuka, inahesabu safari moja. Chini yake taa za kijani zinasoma mapigo ya moyo, na moyo ukikimbia kupita kiasi hali umetulia, saa inalia. Yote hayo kocha aliyaona kwenye simu yake.

"Bénédicte ataivaa hii wiki, Christella wiki ingine," kocha alisema akiinua saa juu. "Mwenye ataogelea safari mingi, ndiye ataenda Kasenyi. Montre haina rafiki, haina ndugu."

Wiki ya Bénédicte ilipita kimya kimya. Aliingia majini, akaogelea, akatoka, akaenda zake. Christella alimtazama na kuuma kucha.

Siku aliyokabidhiwa saa, aliruka majini kabla hata ya kufunga vizuri nywele zake. Alifika ukingo wa pili, akasimama, akatazama mkono. Moja. Akarudi, akasimama, akatazama. Mbili. Namba ilikwenda taratibu mno, naye alivyozidi kuitazama ndivyo alivyozidi kuchoka.

"Mutoto wangu," Mzee Ambroise alimwita kutoka kivulini, "unakuya kuogelea ao kuangalia saa?"

Aliondoka amenuna, na kwa hasira akasahau kuizima. Nyumbani kinu kilikuwa kinamngoja. Alishika mchi akaanza kutwanga, na mkono ulipochoka akabadili mkono. Mara saa ikatikisika. Christella akatazama. Namba ilikuwa imeongezeka! Akatwanga tena, juu chini, juu chini, akabadili mkono. Saa ikatikisika tena. Jamani, saa ilidhani bado yumo majini!

Alisimama na mchi mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha na kwa hofu. Alijua la kufanya: kuizima saa na kumweleza kocha. Lakini Kasenyi ilikuwa ikimwita, na mchi ulikuwa tayari mkononi. Akatwanga.

Tangu siku hiyo mama yake hakumwelewa. Mtoto aliyekimbia kinu sasa alikidai. Sombe yao ilipokwisha, alivuka uwanja akaenda kwa kina Bénédicte, akamwomba mama wa rafiki yake amwachie kinu. Mama huyo alimshukuru mpaka akampa ndizi. Bwawani Christella alijilowesha tu kwa muda mfupi, kisha akarudi mbio Bigo kutwanga.

Jumamosi kocha aliwaketisha wote kwenye benchi, akafungua simu yake, akapiga mluzi.

"Eeh! Christella! Umemupita Bénédicte mbali sana!"

Wenzao wakapiga makofi. Bénédicte aliuma mdomo wa chini. Kisha akavua miwani yake ya kuogelea, akamtilia Christella mkononi.

"Kamata. Kule ku ziwa maji itakuingia mu macho," alisema kwa sauti ndogo.

Christella alitamani ardhi ipasuke. Kocha naye hakumpa nafasi ya kupumua. "Na juu uko na nguvu hivi, weye ndiye utaanza. Utatoka ku mchanga mpaka ku boti ya mbali, ile itasimama katikati ya ziwa. Ni mbali kweli, lakini kwa mutu mwenye safari kama hizi, haina shida."

Boti ya mbali! Christella hakuwahi kuogelea hata nusu ya umbali huo bila kushika ukingo, na ziwani hakuna ukingo wa kushika.

Wakati huohuo mama yake akatokea langoni na kapu lake, akitoka sokoni. Alimwendea kocha moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Kocha, aksanti sana! Tangu ulimupatia ile montre, mutoto amebadirika. Anatwanga sombe yetu, anatwanga na ya majirani! Hata sijue umemwambia nini."

Christella aliganda. Lakini kocha alicheka tu. "Ndiyo maana mikono yake iko na nguvu hivi, mama!"

Hakuna aliyeshuku kitu. Wote walicheka, na mambo yangeweza kuishia pale. Christella alikuwa amepona. Basi mbona hakupona? Alijaribu kucheka na wenzake, akashindwa. Na hapo saa mkononi mwake ikaanza kulia.

Kocha alitazama simu, na kicheko kikamtoka usoni. "Christella, umekaa tu hapa, na moyo inakimbia hivi?" Akamgeukia mama. "Mama, huyu mutoto ako na ugonjwa ya moyo?"

"Ugonjwa?" Kapu lilimponyoka mama, nyanya zikatawanyika sakafuni. "Mutoto wangu! Tuende hospitali. Sasa hivi!" Alijaribu kukaza kitenge chake, lakini vidole viliteleza na fundo halikufungika. Christella aliviangalia vidole vile. Hakuweza kuvivumilia.

"Mama, siko mugonjwa," alisema huku machozi yakimtoka. "Ni sombe."

"Sombe?" kocha aliuliza.

"Montre inahesabu sombe. Nikitwanga, inafikiri niko naogelea. Nilijua, na nikaendelea."

Mama alikaa polepole kwenye benchi, fundo la kitenge likiwa bado mkononi. Bénédicte ndiye aliyenena kwanza.

"Hata ile ya kwetu?"

"Hata ya kwenu," Christella alijibu, akamrudishia miwani. "Ni weye ulishinda."

Bénédicte aliipokea, akaivaa, akageuka kutazama maji.

Kocha hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Christella kuliko makelele. Alimfungua saa mkononi, akaitia mfukoni. "Ningekutuma ku boti ya mbali," alisema. "Pale katikati, nguvu ikiisha, ungeshika wapi? Kinu?" Hakuna aliyecheka. "Bénédicte ataenda Kasenyi. Weye, ingia mu maji. Ogelea mpaka uchoke."

Christella aliingia. Mkono ulikuwa mtupu, hakuwa na cha kutazama, basi alipofika ukingoni aligeuka tu na kuendelea. Alikwenda na kurudi, akaenda tena. Hasira ilimtoka, aibu ikapungua kidogo, na mikono ilipokataa kabisa alishika ukingo akihema. Hakujua ameogelea safari ngapi. Alijua tu kwamba hajawahi kuogelea mbali hivyo.

Kocha alichutama karibu naye. "Weka mukono ku kifua. Moyo inapiga?"

"Inapiga sana."

"Na pale ku benchi?"

"Ilipiga sana vilevile."

"Basi sikia, mutoto wangu. Ya sasa ni ya kazi. Ya pale ilikuwa ya uongo. Montre iliona zote mbili zinakimbia, haikujua kuzitofautisha. Haijue kama mukono iko mu maji ao ku kinu. Mwenye kujua ni weye peke yako. Unaweza kudanganya montre, unaweza kunidanganya miye, lakini ile moyo yako iko ndani, iliona yote. Siku moya hautakuwa na saa, hautakuwa na kocha. Utabaki na yeye, moyo yako. Usimudanganye."

"Ndiyo, Kocha."

"Utakuya kila siku. Kama mwaka kesho tunashuka tena, nitakuangalia kwa macho yangu."

Jioni ile Christella alikuwa anaandaa kinu peke yake, Bénédicte alipovuka uwanja akiwa na beseni la majani ya muhogo kichwani. Alilitua chini kwa kishindo.

"Mama anasema ulianza mwenyewe," alisema bila kutabasamu, "sasa hauwezi kuacha."

Christella alimtazama usoni, akaona kona ya mdomo ikicheza. Wakashika michi miwili, wakatwanga kwa kupokezana, na Christella hakuchungulia barabarani hata mara moja mpaka sombe yote ikawa laini.