Gonga Jino Mara Mbili

Nyumbani kwetu kazi huanza kabla ya chai. Mama ni fundi cherehani, na mashine yake iko chini ya dirisha la sebuleni, mahali penye mwanga. Baba hupaka rangi nyumba za watu. Hutoka mapema na ndoo zake, suruali yake ikiwa na madoa ya kila rangi iliyopo dukani. Mimi huchota maji, kisha hufagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Mdogo wangu wa kike hukaa kwenye kigoda kando ya Mama, akimpa pini moja moja. Ana miaka minane. Tunamwita Bibi Mdogo, kwa sababu hutembea ameweka mikono nyuma kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko.

Bibi Mdogo hasikii. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Husikia ngoma, mlango ukibamizwa, basi. Hatukuwa na mtu wa kutufundisha lugha ya ishara, kwa hiyo tulijitungia ya nyumbani. Kuzungusha mkono kama gurudumu la cherehani ni Mama. Kupitisha vidole kwenye kiganja kama brashi ni Baba. Mimi nina jino la mbele lililovunjika kipande nilipoanguka ngazini, hivyo jina langu kwake ni kugonga jino la mbele kwa kidole, mara mbili.

Shuleni nilikuwa na jina lingine. Waliniita Spika, kwa sababu sikunyamaza. Nilikuwa darasa la sita na nilijua kutunga vijishairi vya kutania watu: aliyechelewa, aliyekosa kalamu, aliyekuwa na kigugumizi. Vilikuwa na vina safi, na uwanja mzima ulivirudia. Nilijua kicheko kinavyotengenezwa, maana mimi ndiye niliyekuwa kiwanda chake. Ndiyo sababu hakuna rafiki yangu hata mmoja aliyejua kwamba nina mdogo asiyesikia.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu lilining'inia gauni la shule ambalo lilikuwa halijawahi kuvaliwa. Shule za mtaani kwetu zina sare ya rangi moja. Zinatofautiana kwa nembo ya kifuani tu. Mama alilishona gauni hilo mwaka uliotangulia, alipoanza kumtafutia Bibi Mdogo shule. Shule ya kwanza, mwalimu alipiga makofi nyuma ya kichwa cha Bibi Mdogo, akaona hageuki, akafunga daftari. Shule ya pili walimwambia Mama ampeleke kwenye bweni la watoto wasiosikia, mwendo wa siku nzima. Mama akajibu, “Huyu bado analala ameshika kanga yangu.” Akarudi nyumbani, akakunjua pindo la gauni, maana mtoto alikuwa amerefuka.

Asubuhi moja, tukinywa chai, Baba alisema, “Kwa nini tusijaribu shule ya huyu?” Akaninyooshea kikombe.

Niliacha kutafuna. “Darasa la pili limejaa, Baba. Wanakaa wanne wanne dawati moja.”

Haikuwa kweli. Siku tatu baadaye Mama alipeleka sare za wateja shuleni kwetu, akaona mwenyewe madawati matupu. Hakuniuliza kitu. Alirudi na nembo ya shule yetu, akaishona kwenye gauni.

“Jumanne,” alisema, akikata uzi kwa meno. “Mwalimu mkuu amempa siku moja ya majaribio. Akiiweza, ataandikishwa. Ijumaa wanafunga daftari la uandikishaji hadi mwakani.”

“Mama, usiwaambie mimi ni kaka yake.”

“Kwa nini?”

“Watasema tunapendelewa.”

Mama alinitazama, pini mbili zikiwa mdomoni. Akazitoa. “Haya. Lakini wakati wa mapumziko atakutafuta. Uwe karibu naye.”

“Nitakuwa.”

Jumanne nilitoka nyumbani mbio, nikijidai nina zamu ya kufagia. Mama alimleta Bibi Mdogo baadaye, akamwonyesha mwalimu wa darasa la pili ishara tatu: maji, choo, njaa. Ishara za majina ya watu hakuzitaja. Aliamini kwamba mimi nipo.

Kengele ya mapumziko ilipolia, nilikuwa kando ya bomba na wenzangu. Rafiki yangu mkubwa, tuliyemwita Kifutio kwa kuwa daftari lake lilikuwa na mashimo ya kufuta, alikuwa akisimulia jambo na kuvuta suruali yake juu. Suruali ile ilikuwa ya kaka yake, haikukaa kiunoni hata siku moja. Ghafla nikamwona Bibi Mdogo. Alivuka uwanja mikono nyuma, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Aliponiona, alikimbia. Alisimama mbele yangu akicheka, akagonga jino lake mara mbili.

“Spika,” Kifutio alisema, “mgeni wako huyo.”

“Simjui.”

“Mbona anakuonyesha meno?”

Wote walinigeukia. “Labda anaumwa jino,” nikasema. “Mpelekeni kwa mwalimu wa zamu.”

Walicheka, nami nikacheka. Bibi Mdogo aligonga jino tena, polepole, kama mtu anayerudia neno kwa asiyesikia vizuri. Nikageuza uso. Msichana mmoja wa darasa la saba akamshika mkono, akampeleka ofisini.

Darasa la sita limepakana na ofisi. Somo lilikuwa hesabu. Kupitia ukuta nilimsikia mwalimu wa darasa la pili akisema, “Fungua mdomo, mwanangu, nione jino gani.” Kisha kikombe kikaanguka. Kisha nikamsikia mdogo wangu akilia. Kilio chake si kama cha watoto wengine. Ni kikubwa, hakina umbo, maana hajawahi kukisikia. Darasa zima liliinua vichwa.

“Nani huyo?” mwalimu wetu aliuliza.

Nililijua jibu. Niliinama juu ya daftari langu, nikaandika namba isiyo na maana yoyote. Spika alikuwa amezimika.

Jioni Mama aliitwa shuleni. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuwasha taa. “Mwalimu mkuu amesema mtoto aliumwa jino kutwa nzima na hakuweza kueleza,” alimwambia Baba. “Walipotaka kumsaidia aliwasukuma. Anasema anaogopa kubeba mtoto asiyeweza kusema anapoumia.”

“Jino?” Baba alimwita Bibi Mdogo, akamtazama kinywani. “Meno yake ni mazima yote.” Akanigeukia. “Wewe ulikuwa naye mapumziko?”

“Nilikuwa naye,” nikasema.

Mama alichukua wembe, akaifumua nembo kwenye gauni, uzi kwa uzi. Pakabaki mraba wa matundu madogo ya sindano.

Tulipokuwa mezani, Bibi Mdogo alitaka nimsogezee chumvi. Alikuja upande wangu na kunivuta mkono wa shati. Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikaweka tonge chini. Kuvuta mkono wa shati ndivyo anavyowaita wateja wa Mama, watu ambao hajawapa jina.

Asubuhi nilifika shuleni kabla ya wote, nikasimama mlangoni kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa naye, ameshika daftari la mahudhurio.

“Mwalimu, yule mtoto wa jana hakuumwa jino.”

“Wewe umejuaje?”

“Ni mdogo wangu.” Sauti yangu, iliyozoea uwanja mzima, haikufika hata mezani kwake. Nikarudia. “Ni mdogo wangu, Mwalimu. Ile ishara ni jina langu. Aliniita, nikasema simjui. Mimi ndiye niliyesema anaumwa jino.”

Mwalimu wa darasa la pili aliweka daftari chini. “Kwa hiyo kutwa nzima alikuwa anamwita mtu?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na mimi nikamtia kijiko mdomoni kutafuta jino bovu,” alisema, akaketi.

Mwalimu mkuu alivua miwani. “Ulimsikia alipolia?”

“Nilimsikia.”

Aliifuta polepole mpaka nikatamani anichape. “Unangoja fimbo,” alisema. “Fimbo ingekuwa nafuu kwako, ingekwisha sasa hivi. Hata mimi nina kosa langu: nilimwandika mtoto kwamba hawezi kueleza, bila kujiuliza kama sisi tunaweza kuelewa. Kesho nitampa siku nyingine. Leo mapumziko utasimama mbele ya darasa la pili, uwafundishe ishara zake zote, na mwalimu wao. Ukiulizwa ni nani kwako, utajibu. Na mama yako utamwambia mwenyewe.”

Nilifundisha. Watoto wadogo hawana shida. Ndani ya dakika kumi walikuwa wakiitana kwa ishara na kujitungia nyingine. Shida ilikuwa dirishani, ambako Kifutio na wenzake walikuwa wamejazana.

“Kumbe yule ni nani kwako?” Kifutio aliuliza.

“Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja.”

“Na jana ulisema humjui.”

“Nilisema uongo.”

Nilingoja kicheko. Walikuwa na haki nacho, nami nilikuwa nimewafundisha. Kifutio alivuta suruali yake juu. “Sasa hapo,” alisema polepole, “hata cha kutungia kishairi sikipati.” Wakaondoka, na ile ilinichoma kuliko kuchekwa.

Nyumbani Mama aliniacha nikaeleza yote, kiganja chake kikiwa juu ya gurudumu la mashine kulizuia lisizunguke. Nilipomaliza alisema maneno mawili tu: “Lete gauni.” Akalipiga pasi.

Alhamisi Bibi Mdogo alikwenda shule na gauni lenye mraba mtupu kifuani, na tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimebeba mkoba wake. Mwalimu alimkalisha mbele, upande ambao mwanga wa dirisha haukumpiga machoni. Alipoandika ubaoni alinyamaza, na alipotaka kusema aligeuka kwanza. Mwenzake wa dawatini alimgusa bega kila kengele ilipolia.

Mapumziko nilisimama katikati ya uwanja, peke yangu. Alitoka mikono nyuma, akaniona, akapita. Sikumlaumu. Nikagonga jino langu mara mbili, mbele ya kila mtu, kumwambia kwamba nipo. Alinikagua kwa muda kama mama mkwe kweli, kisha akaendelea na wenzake.

Kifutio alikuja pembeni yangu. “Na mimi jina langu nani?”

“Muulize mwenyewe.”

Alimfuata, akajinyooshea kidole kifuani. Bibi Mdogo alimtazama juu hadi chini, akashika kiuno chake kwa mikono miwili na kuvuta juu suruali isiyokuwepo. Darasa la pili lote liliangua kicheko, na Kifutio akacheka kuliko wote. Hadi leo hilo ndilo jina lake.

Ijumaa mwalimu mkuu aliandika jina la mdogo wangu kwenye daftari la shule, na kumwambia Mama kwamba walimu wawili watakwenda kujifunza lugha ya ishara wakati wa likizo, ili mtoto asibaki na ishara za nyumbani pekee. Jioni Mama alirudisha nembo mahali pake, kwa uzi wa mara mbili. Mimi nilikuwa nikifagia. Alisema bila kuinua macho:

“Nilizunguka shule mbili nikitafuta watu watakaomwelewa, na aliyemwelewa kuliko wote nilikuwa namlisha hapa hapa. Mdogo wako hana la kuonea aibu, mwanangu. Hasikii, basi. Aibu ni ya anayesikia jina lake likiitwa, akajifanya si yeye. Lakini umerudi ukaitika, tena mbele za watu. Shika hilo, usiliache tena.”

Niliendelea kufagia mpaka nikaona miguu midogo imesimama mbele ya ufagio. Bibi Mdogo alikuwa amenyoosha gauni, anataka nilione. Hakunivuta shati. Aligonga jino, mara moja, akasita. Kisha mara ya pili.

Niliuweka ufagio chini, nikaitika.