Gitaa la Mkangazi Mtupu

— Rudisha nyuma kidogo. Hapo anapopandisha sauti.

Fundi alisema hivyo huku randa imemgandia mkononi. Mteja wake, mpiga gitaa ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole, akabonyeza simu tena. Sauti ya mwanamke ikajaa karakana: nzito, ya katikati, yenye mkwaruzo mdogo kila ilipopanda.

— Umeisikia hiyo? Akiimba huyu, hata maiti anageuka upande asikilize! Nataka gitaa la kumsindikiza. Tunakwenda kwenye usaili wa studio, mimi na yeye.

— Wewe na yeye.

— Ndiyo. Mbona umekunja sura kama umemeza shubiri?

— Vumbi la mbao tu.

Halikuwa vumbi. Sauti ile Fundi aliijua hata usingizini. Ilikuwa ya mchumba wake, mpokea wagonjwa wa kliniki ya meno, ambaye siku hizi kila jioni aliaga kwamba wameongezewa zamu.

Vidole alipotoka tu, Fundi akapiga simu.

— Uko wapi, mpenzi?

— Kazini. Leo nachelewa tena, wagonjwa wamefurika.

— Wote hao wanaumwa meno?

— Sasa waje kliniki ya meno wakiumwa magoti?

Akacheka, akakata. Siku nyingine Fundi angecheka naye. Siku hiyo kicheko kilimwingia kama kibanzi chini ya kucha.

Alijua fika sauti ile ilihitaji gitaa gani. Uso wa mwerezi, mti mwepesi unaoitika hata ukiguswa taratibu. Mgongo na mbavu za mpingo, zenye mvumo mzito chini na mlio wa kung'aa juu, zikimwachia mwimbaji nafasi yake katikati. Alijua, lakini mkono wake ukaenda kwenye rundo la mkangazi. Mkangazi si mti mbaya. Mtu akipiga peke yake, una joto na utamu wake. Ila sauti yake hukaa katikati, palepale ilipokaa ya yule bibie. Fundi akauweka mkangazi usoni, mgongoni na ubavuni, na uso akauacha mnene kuliko kawaida, usiitike upesi.

— Wawili kiti kimoja, — alinong'ona akipaka gundi. — Tuone nani ataanguka.

Vidole alilichukua gitaa akalisifu mpaka mlangoni. Haikupita wiki, likarudi. Safari hii aliyelibeba alikuwa mchumba mwenyewe, bado yumo kwenye sare ya kliniki. Vidole alimfuata nyuma, hajui hili wala lile.

— Shikamoo ya nini? Kaa! — mchumba alimwambia Vidole, aliyekuwa akijaribu kumwamkia Fundi kwa utani. — Piga ule wimbo.

Vidole akapiga, naye akaimba. Sauti yake ikawa inatapatapa ndani ya mlio wa nyuzi, kila alipotafuta pa kutokea gitaa limeshatangulia. Fundi alidhani angefurahi. Badala yake akaziba nyuzi kwa kiganja.

— Inatosha, — alisema.

— Haitoshi! Mkono wako naujua. Nani mwingine anakunja mbavu za gitaa hivi? Tena wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinishika mkono, ukanigongesha ubao mmoja baada ya mwingine, ukaniambia mkangazi mtupu huziba katikati. Ujuzi ule ule ndio umeutumia kunifunga mdomo?

— Na zamu za kliniki je? Ulinidanganya mchana kweupe!

— Nilikudanganya, ndiyo. Ningekuambia nini? Kwaya ya kazini ulinitoa kwa sababu ya mpiga kinanda. Mzee ambaye angeweza kunizaa!

— Alikuwa anakukonyeza.

— Alikuwa na mtoto wa jicho!

Vidole akainua mkono kama mwanafunzi.

— Samahani. Huyu ndiye yule mchumba asiyependa muziki?

— Muziki anaupenda. Hapendi nikiimba.

— Fundi, ndugu yangu, mimi nina mke. Mazoezi tunafanyia sebuleni kwake, na yeye ndiye hutufungulia mlango.

— Usimweleze! — mchumba alimkatiza. — Hata ungekuwa huna mke! Mimi ni mtu, si ubao wa kuchaguliwa mahali pa kugandishwa. Harusi tunaiahirisha. Sijui kama nataka kuolewa na mtu anayekaa na kupanga nishindwe.

Akatoka. Vidole akabaki akiikuna shingo.

— Usaili ni kesho kutwa, — alisema. — Kutengeneza jingine haiwezekani, sivyo?

— Haiwezekani.

Fundi akaingia chumba cha nyuma, akatoka na gitaa lake mwenyewe: uso wa mwerezi, mgongo wa mpingo. Hakuwahi kumruhusu mtu alishike, hata mteja wa kifalme. Alilitazama kidogo, kisha akamkabidhi mwanamume yule yule aliyemkosesha usingizi.

— Mpigie hili. Polepole, usilikamue. Na mwambie... hapana. Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Alimwandikia mchumba wake: "Nilifanya kwa makusudi. Sina cha kujitetea. Nenda ukaimbe, nami sitakuja kukutia kiwewe. Nisamehe ukiweza."

Ujumbe ukasomwa. Haukujibiwa siku hiyo, wala iliyofuata. Fundi aliharibu vipande viwili vya mbao nzuri, akaacha kazi, akakaa akiitazama simu. Siku ya usaili, mchana, ikalia.

— Tumechukuliwa.

— Hongera.

— Lile gitaa lako... nilikuwa naimba kama niko peke yangu chumbani. Uliwezaje kumpa?

— Iliniuma.

— Bado una wivu?

— Ninao. Nikisema hapana nitakuwa nakudanganya.



— Basi tujifunze wote kusema ukweli. Njoo unichukue, koo limenikauka. Na harusi niliahirisha, sikufuta.

Miezi ikapita, wakaoana. Bibi harusi aliimba mwenyewe, Vidole akimpigia, wanaume ukumbi mzima wakisimama kushangilia. Dada yake Fundi akamwinamia sikioni.

— Bwana harusi, mbona jasho linakutoka? Ni joto?

— Wivu.

— Hata leo?

— Hata leo, dada. Sogea kidogo, unanizibia. Nataka nimsikie vizuri.