Chai ya Mwanabibi

Siku chache kabla ya Idi, mwaka wa themanini na nne, duka la nguo la Motiben mjini Malindi lilijaa wanawake mpaka barazani. Wote walitoka na leso mpya kwapani, isipokuwa mmoja mwenye buibui lililopauka na viatu vizuri vya ngozi.

"Dada, leso zimekwisha?" aliuliza Abdulghani, karani wa duka la misumari na rangi lililokuwa mkabala.

"Zipo tele. Sikuona niliyoipenda."

"Mbona wenzako wamenunua?"

"Basi wenzangu wamependa."

Jibu hilo lilimnasa. Mwanabibi, ndilo jina lake, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, na haikupita muda akazoea kumpigia Abdulghani simu kila adhuhuri, akijifanya anauliza bei ya misumari. Suresh, mwenye duka, alimkabidhi karani wake simu na kurudi kwenye hesabu zake. Kufika Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, wapenzi hao walikuwa wakizungumzia posa.

Shaka iliingia kwa simu hiyo hiyo. Dena, bawabu wa hoteli moja ya ufuoni, alipiga kusema kwamba Mwanabibi huingia pale kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hukaa saa nzima, kisha hutoka akitabasamu. Hakuongeza kitu, wala hakukuwa na haja. Malindi ya miaka ile, msichana wa mji akiingia hoteli ya Wataliano, watu walimaliza hadithi yake kabla hajafika mlangoni.

Abdulghani alipomuuliza huenda wapi Jumamosi hizo, alijibiwa, "Mahali pangu, laazizi," na kicheko. Alilala na kicheko hicho wiki tatu. Mtu akishatia shaka moyoni haangalii tena, hupekua. Viatu aliviona vimenunuliwa na mwanamume. Hata lile buibui kuukuu aliliona ni la kujifichia.

Jumamosi ilipofika alimfuata. Alimkuta bustanini peke yake, kwenye meza ya kitambaa cheupe, na birika la kauri, kikombe kimoja na kipande cha keki.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekulipia."

"Unazungumza naye."

Abdulghani aliketi, akashusha pumzi. Kisha akaona bei kwenye karatasi ya hoteli, uso ukamkunjamana upya. Chai kwa bei ya kilo ya nyama, na nyumbani chai ipo! Wakioana, alisema, mambo haya yataisha.

Mwanabibi alitua kikombe taratibu. "Ningekuwa na Mtaliano ungenielewa upesi zaidi. Mamangu nampa haki yake, kodi nalipa, nisichokipenda sinunui. Mwezi mzima nawatumikia watu. Saa hii moja natumikiwa mimi. Sioni haya. Na wewe, Abdulghani, hununua nini ukafurahi?"

Abdulghani akataja mchele, akataja sabuni, akaishia hapo.

"Basi nenda kakitafute. Posa itangoja."

Wiki tano simu ya adhuhuri haikulia. Jumatatu moja Abdulghani akapiga yeye, ofisini kwa wakili.

"Jana nilikwenda Mombasa kutazama mpira," alisema. "Nikakata tikiti ya kivulini, ile ya ghali. Njiani nikala biriani."

"Timu yako ilishinda?"

"Ilifungwa matatu."

"Umejuta?"

"Namjutia kipa tu. Pesa sizijutii." Akakohoa. "Na yale niliyosema hotelini, nimeyafuta."

Upande wa pili mashine ya chapa ilinyamaza.

"Mwambie mjomba wako aje Ijumaa," alisema Mwanabibi, "baada ya Alasiri."