Mbwa wa Bibi Profira

Viorica na mumewe Sandu waliuza mikate katika mji mdogo kando ya mto Nistru. Watu walipoona mbwa aliyetupwa, waliwapigia simu. Wao na wenzao walimtafutia nyumba ya kukaa kwa muda, mpaka apate mwenyewe, yaani mtu wa kumfuga moja kwa moja.

Kumbukumbu zilikuwa kwenye kompyuta, katika programu rahisi isiyohitaji fundi. Jedwali moja lilikuwa la mbwa, jingine la nyumba. Idadi ya mbwa wa kila nyumba Viorica aliiandika mwenyewe.

Asubuhi moja ya theluji, Sandu alimpeleka mbwa kwa Bibi Profira, mjane aliyekuwa akiwahifadhia mbwa. Akarudi na mbwa yule yule, uso umemshuka.

"Yule bibi ana mbwa watano! Nimemkuta anawagawia ugali wake, yeye anakunywa chai tupu."

"Watano? Hapa nimeandika mmoja!"

"Basi wewe na kompyuta yako mtamuua bibi wa watu."

"Mbona hakusema?"

"Anaona haya kutukatalia."

Viorica alikosa raha. Akamwita jirani yao Lidia, karani wa maktaba.

"Mbwa akihamishwa, nani anabadilisha hizi namba?" Lidia aliuliza.

"Mimi. Nikikumbuka."

"Ndiyo shida hiyo, shoga. Usihesabu wewe. Kila mbwa muunganishe na nyumba anayokaa. Jina la nyumba usiliandike, lichague kwenye jedwali la nyumba. Halafu, kwenye jedwali hilo, ongeza safu ya kuhesabu. Programu itahesabu yenyewe mbwa waliounganishwa."

Wakafanya hivyo. Namba zikajitokeza. Kwa Bibi Profira: saba.

"Saba tena!" Sandu akaguna. "Wawili wamejificha chini ya kitanda?"

Lidia akacheka. "Hao walishapata wenyewe, ila bado wameunganishwa naye. Wekeni sharti: wahesabiwe tu ambao hali yao ni 'anahifadhiwa'."

Saba ikawa tano. Viorica akatazama nyumba nyingine.

"Kwa akina Pădureanu sifuri? Nami nilidhani kumejaa!"

Akapiga simu papo hapo. Akina Pădureanu wakakubali wawili wa Bibi Profira, na yule wa asubuhi juu yake. Familia nyingine ikakubali watatu.

Jumapili walikwenda kwa Bibi Profira na mfuko wa unga.

"Utusamehe, bibi," Viorica alisema. "Tumekubebesha mzigo bila kujua."

"Mbwa si mzigo. Njaa ndiyo mzigo," bibi alijibu. Akawaaga wanne, mmoja mmoja. Sandu alipomgeukia wa tano, mwenye sikio moja, bibi akasimama mlangoni.

"Huyu haendi popote. Huyu wangu."

Viorica akatoa simu, akafungua programu, akawahamishia wale wanne nyumba zao mpya, kisha akabadilisha hali ya mbwa yule: amepata mwenyewe.

Namba ya Bibi Profira ikawa sifuri. Mbwa akajilaza karibu na jiko.