Mchi wa Jikoni Muyinga

Agosti mwaka jana, Jeska alitoka Kasulu kwenda Burundi kwa likizo ya wiki moja. Ni rafiki yangu. Haya alinisimulia mwenyewe. Alitaka kumwona mama yake, kule Muyinga. Hawakuwa wameonana tangu utotoni, na salamu zote zilipitia kwa kaka yake, Eliud.

Eliud alimpokea Gitega. Alimpeleka makumbusho, akampeleka Gishora kutazama ngoma. Kila asubuhi Jeska aliuliza habari za Muyinga.

"Mama iko, dada, anakusalimu. We umekuja kutembea ama kunihoji?"

Siku moja kabla ya kurudi, Jeska alipanda basi la Muyinga peke yake.

Alifika giza likiingia, umeme umekatika. Akiwa uani kwa mama yake alisikia mtu akitwanga jikoni, taratibu. Akabisha hodi. Mchi ulinyamaza, kisha ukaendelea.

Jirani, Paskazia, alitoka na tochi.

"We ni Jeska? Mama yako tulimzika mwezi wa tano. Eliud alisema we umekataa kuja. Shamba amekwisha kuuza."

Jeska hakulia. Aliuliza ni nani aliye jikoni.

"Hakuna mtu. Ufunguo iko na mi. Kilio hatujaondoa, hapa haturuhusiwi kutwanga mpaka matanga iishe."

Walisikiliza wote wawili. Paskazia alipofungua kufuli, sauti ilikoma. Jikoni hamkuwa na mtu. Ndani ya kinu mlikuwa na majani mabichi ya muhogo, yametwangwa nusu. Jeska aliushika mchi. Pale pa kushikia palikuwa na joto.